Nilivyouangusha Mkenge wa Nyuma ya Jiko

Mikumi, nyumbani kwa Mama Zuhura
Jumapili, baada ya misa

Mume wangu Baba Editha,

Nakusalimu wewe na wote wanaolala chini ya paa letu hapo Kilosa. Mimi huku ni mzima, nakula, nalala, na kile kifua cha mwezi uliopita kimekwisha. Ninaotaka kujua habari zao ni nyinyi. Editha bado anakohoa asubuhi? Mpe maji ya moto yenye tangawizi, wala usimwachie aende shule bila sweta hata kama jua limewaka, maana jua la Kilosa asubuhi ni la kudanganya. Na Joni ameacha kwenda Mkondoa na wenzake? Mwambie mama yake amesema mto hauna rafiki. Na wewe mgongo unakuendeaje, na unakula nini siku Editha akichelewa kurudi? Tafadhali usinijibu kwamba wote hamjambo, basi. Niandikie kila mtu na hali yake. Ukiandika "wote hatujambo" mimi huku nabaki nahesabu majina na kujiuliza ni nani umemficha.

Najua barua hii itafika nyuma ya maneno. Konda wa basi la huko alikula kwangu juzi, akaniona, akacheka mpaka akapaliwa na wali. Atakuwa ameshakwambia kwamba mkeo anakata miti kwa mashine, tena amevaa suruali. Ni kweli, Baba Editha. Yote mawili ni kweli. Ndiyo maana nimeomba karatasi kwa Mama Zuhura nikakaa niandike mwenyewe kwa mkono wangu, ingawa unajua mkono wangu na kalamu si ndugu. Soma taratibu, usikasirike kabla hujafika mwisho.

Jiko ninalopikia liko nyuma ya nyumba ya wageni, limejitenga peke yake, kuta za matofali ya kuchoma na paa la bati. Tangu biashara ilipofunguliwa na kila mtu akaruhusiwa kuuza anachokiweza, barabara hii haina usiku wala mchana. Malori ya Zambia, mabasi ya Mbeya, wafanyabiashara wa vitunguu, wote wanataka wali na maharage, na jiko ni hilohilo moja. Sasa nyuma yake, hatua tano tu kutoka mlangoni, kulikuwa na mti wa mkenge. Urefu wake nyumba mbili ukizipandanisha, na unene wake kama ndoo kubwa ya maji. Kivuli chake kilikuwa kizuri, sisemi uongo. Lakini mchwa waliingia kwenye mizizi upande wa jikoni, na vuli ilipopiga, siku moja napepeta mchele nikausikia mti unalia kama mlango mkuukuu. Nikatoka na ungo mkononi nikasimama mbali. Tangu siku ile nikawa napika sikio moja liko kwenye sufuria na jingine liko juu ya paa. Upepo ukivuma nilikuwa nawatoa nje wasichana wanaoosha vyombo, wakawa wananicheka.

Mama Zuhura naye akaja kuutazama. Unajua yule mama alianza na beseni la vitumbua pale stendi, na sasa ana vyumba vinane, hapendi mchezo na mali yake. Aliuzunguka mti mara mbili, akabonyeza udongo kwa kidole cha mguu, akaniambia: "Mama Editha, masika ikiukuta huu mti umesimama, jiko nalifunga. Sitaki maiti. Wageni watakula kwa jirani, na wewe utapumzika kwenu mpaka nijenge jingine."

Kupumzika kwetu. Wewe na mimi tunajua maana yake, tangu walipokupunguza kazini. Editha yuko kidato cha pili. Nilirudi ndani nikageuza wali, ulikuwa umeshika chini.

Mama Zuhura alikwenda Dar kununua mitumba, akarudi na mashuka, redio mbili na msumeno wa umeme. Chenso, lakini si ile ya petroli inayonguruma uliyoiona kwa wapasua mbao wa Msowero. Hii unachomeka ukutani kama pasi. Ina ulimi mrefu wa chuma, na cheni yenye meno inauzunguka ulimi huo mbio kuliko macho. Ilitoka kwenye kontena la vitu vilivyokwisha kutumika huko Ulaya, pamoja na kijitabu chake. Maneno ya kijitabu hakuna aliyeyafahamu, lakini kila ukurasa ulikuwa na picha.

Akaitwa Chande. Huyu ni mtu wa Munisagara, baba yake na baba yako walikuwa gengi moja la reli, na amekata magogo tangu hajaota ndevu. Anajua mti. Alipoiona ile mashine alicheka, akasema mwaka alioanza yeye kuangusha miti, chuma cha hiyo chenso kilikuwa bado ni mawe ardhini. Kijitabu alikitupa kwenye kuni zangu. Mimi nilikiokota. Ukurasa wa kwanza kulikuwa na picha ya mkono usio na vidole, umepigwa mstari mwekundu. Karatasi ya namna hiyo siwezi kuwashia moto, ningekosa usingizi.

Chande alianza na magogo madogo ya kuni, kuizoea. Ile mashine ukiiachia kitufe inasimama, ndivyo ilivyotengenezwa. Yeye akaona kidole kinamchoka, akachana kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli akakifunga kitufe, ikawa inajiendea yenyewe na yeye anaiongoza tu. Wanaume wote waliokuwa pale walimsifu kwa akili. Basi umeme ukakatika, kama kawaida yetu. Chenso ikanyamaza. Chande akailaza chini, akaketi kwenye gogo, akaanza kuchomoa takataka kwenye meno ya cheni kwa vidole, huku anapiga soga.

Mimi nilikuwa nimemaliza chai ya saa nne. Nilimwita mara moja, hakusikia. Nikamwita tena, "Chande, chai inapoa," akageuka akanyoosha mikono miwili kupokea kikombe. Umeme ukarudi.

Baba Editha, ile mashine iliruka. Iliruka kutoka ardhini ikageuka kama nyoka aliyekanyagwa, ikapita chini ya miguu yake, ikang'ata kisigino cha katambuga lake ikalikata lile tairi kama mkate, ndipo plagi ikachomoka kwa kuvutwa. Kisigino chake mwenyewe hakikuguswa. Vidole vyake vilikuwa vimeshika kikombe changu. Chai yote ilimwagika.

Chande alisema mashine ina jini, na yeye hatashika tena kitu kinachoamka bila kuamshwa. Wale wanaume wakaafiki. Mmoja akasema vitu vya mitumba havijulikani vilitoka kwa marehemu gani. Mimi nilisogea nikachungulia, nikaona ule mpira bado umekaza kitufe.

"Si jini, Chande," nikamwambia. "Ni mpira wa baiskeli."

Hakupenda. Alichukua katambuga lake lisilo na kisigino akaenda zake anachechemea bila jeraha. Na chenso ikawekwa stoo, na mti ukabaki, na masika ikawa inakaribia.

Usiku nilikitoa kile kijitabu. Mimi niliishia darasa la nne, unajua, lakini picha hazina darasa. Nikakuta ukurasa mzima wa jambo lililomtokea Chande: amechorwa mtu anachomoa plagi ndipo anagusa cheni. Anachomoa kwanza. Imechorwa hivyo mara nne, kurasa nne mbalimbali, kama mama anayerudiarudia. Nikasema, aliyekichora kitabu hiki ni mwoga mwenzangu. Tukaelewana tangu hapo.

Asubuhi nilimwendea Mama Zuhura nikamwomba nijaribu mimi. Alinitazama juu mpaka chini.

"Wewe? Wewe unayefunga jiko mjusi akipita?"

"Mimi," nikasema. "Mwoga huangalia mara mbili."

Alicheka, lakini hakukataa. Alikwenda kwenye robota lake la mitumba akanichagulia suruali nzito ya jinzi, buti za ngozi ngumu vidoleni, glovu, na miwani ya kuzuia vipande vya mti. Maana kwenye picha kanga imepigwa mstari mwekundu. Haikuwa kanga hasa, ilikuwa nguo inayoning'inia, lakini mimi niliielewa. Ncha ya kanga ikikamatwa na ile cheni, inakuvuta wewe na kanga yako. Basi navaa suruali nyuma ya jiko tu, nikimaliza navua, najifunga kanga zangu, narudi kuwa mtu. Padri hajaniona. Ukiudhika na suruali, fikiria ningekuwaje bila suruali hiyo.

Nilikwenda kwa Chande mwenyewe nikamsalimu, nikamwomba anifundishe mti, nami nimfundishe kitabu. Alinuna kidogo. Halafu akaniuliza kama kwenye hicho kitabu kuna picha ya tairi. Tukacheka, ikaisha.

Wiki tatu nilikata kuni tu, Baba Editha. Kila siku baada ya vyombo vya mchana, siku kavu, maana umeme na maji haviketi pamoja. Kwanza na plagi ikiwa nje navuta cheni kwa glovu kuona imekaza: ilegee kidogo, ukiiachia irudi. Natazama oili yake. Halafu gogo nalipandisha juu ya magogo mengine, meno yasiguse udongo wala jiwe. Nashika kwa mikono miwili, kidole gumba kimezunguka mpini, nasimama pembeni kidogo siyo nyuma yake kabisa, kwa sababu ncha ya ule ulimi ikigusa mti inapiga teke kurudi kwako usoni. Hiyo niliiona kwenye picha nikaogopa, halafu niliisikia mikononi siku moja, ilirusha kidogo tu, nikaizima nikaenda kukaa jikoni mpaka moyo uliposhuka. Siku ile sikukata tena. Kesho yake nilikata. Na waya naupitisha nyuma yangu juu ya bega, usije ukawa mbele ya meno. Umeme ukikatika hata kwa kufumba na kufumbua, naachia kitufe, natembea mpaka ukutani, nachomoa, ndipo navuta pumzi. Wasichana walikuwa wananicheka nikitembea. Siku moja ulikatika mara saba na mara saba nilitembea.

Na kila nikichomeka plagi nataja Editha, nataja Joni. Siyo sala. Najikumbusha kwamba mwili huu una wenyewe.

Sasa nikueleze siku yenyewe. Lakini kwanza lazima ujue desturi ya mtaa huu, maana bila hiyo hutaelewa. Hapa mti ukiangushwa, shina ni la mwenye kiwanja, lakini matawi ni ya wanawake wa mtaa. Na tawi ni la yule aliyelifunga kwanza. Kila mwanamke anakuja na vipande vya kanga kuukuu, mti ukianguka wanakimbilia, kila mmoja anafunga kipande chake kwenye tawi alilolipenda, na ukishafunga hakuna wa kukuuliza. Ni desturi nzuri, haina ugomvi. Lakini wenye mbio hawangoji mti ufike chini. Wakiusikia unapasuka tu wameshaingia. Mwaka juzi, wanasema, tawi lilimvunja mtu bega, na huku amevunjika alikuwa bado ameshika kipande chake anatafuta mahali pa kufunga.

Asubuhi ile ya Jumanne hapakuwa na upepo. Chande alipanda akafunga kamba juu, akashuka, akaipeleka kamba mbele ikazunguka shina la mwarobaini ulio kwenye uwanja mtupu, ili wanaovuta wasimame pembeni badala ya mbele ya mti. Tulipima kwa miguu urefu wa mti, tukaongeza mwingine kama huo, nikachora mstari kwa jembe. Nikafyeka njia yangu ya kurudi nyuma, kimshazari, nikaondoa hata vijiti, nikaifanyia mazoezi ya kukimbia mara tatu mikono mitupu. Wanawake walikuwa wameshajaa, zaidi ya ishirini, na vipande vyao mkononi, wakanipigia vigelegele vya mzaha. Mmoja akaniuliza kama nafanya mazoezi ya kumkimbia mume.

Nikawaambia asivuke mtu mstari. Wakasema ndiyo, ndiyo, Mama Editha, kwa ile sauti ya kumwitikia mtoto.

Nilikata mdomo kwanza. Mdomo ni lile pengo unalochonga upande unaotaka mti uende, theluthi ya unene wake au pungufu. Kipande kikatoka safi kama kipande cha tikiti. Chande akachungulia, akasema tu "Haya," na kwa Chande hiyo ni hotuba. Nikahamia nyuma, nikaanza kukata juu kidogo ya usawa wa ule mdomo. Huku nyuma hukati mpaka ukutane na mbele. Unaacha ubamba wa mti katikati, kama bawaba ya mlango, ndio unaouongoza usiyumbe kando. Nilipofika mahali pa kutosha, Chande akagongelea kabari mbili kwenye ufa ili mti usikae juu ya ulimi. Nikaendelea.

Mimi kila nikihesabu tano nanyanyua macho. Kitabu hakikusema hivyo, ni mimi tu, ndivyo nilivyolea watoto. Nikahesabu tano, nikanyanyua macho, nikaona gauni la bluu chini ya mti.

Alikuwa Mama Kulwa. Huyu ni Msukuma, walikuja na ng'ombe wao mwaka jana, wanaishi mwisho wa mtaa. Ana mapacha, na mdogo mgongoni. Mgeni hajui nani anakimbilia wapi, kila mti ukianguka anafika wa mwisho anarudi na majani. Nadhani siku ile aliapa. Mti ulikuwa umetoa mlio mdogo wa kwanza, na wenzake walikuwa wanajiandaa, yeye akawatangulia. Amesimama mbele ya mdomo wa mti kabisa, mtoto mgongoni, kipande chekundu mkononi, anatazama juu anachagua.

Niliachia kitufe. Ikanyamaza. Nikamwashiria Chande, akachomoa plagi. Sikupiga kelele, niliogopa nikipiga kelele atashtuka akimbilie upande mbaya. Nilitembea kwa kuuzunguka mti kwa mbali nikamshika mkono kama mtu anayemsindikiza mgeni, nikamtoa mpaka nje ya mstari. Ndipo nikakaa chini mavumbini na suruali yangu.

Sasa kukawa na maneno. Chande akaja mbio: "Mama Editha, usikae. Mti umekatwa zaidi ya nusu. Upepo ukiamka utajiamulia wenyewe pa kwenda, na jiko liko hapo." Mama Zuhura alikuwa mlangoni ameshika kichwa. Wanawake wanamlaumu Mama Kulwa, Mama Kulwa analia kwamba wenyeji wamefunga matawi tangu afike na watoto wake wanakula uji mbichi. Na mimi najua nikirudi kwenye chenso, mti ukipasuka, wataingia tena, siyo yeye tu, wote. Mstari wa jembe hauwezi kushindana na kuni. Ningekata nikiwa natazama watu au nikiwa natazama mti? Macho ni mawili tu.

Nikasimama. Nikasema kwa sauti ya jikoni, ile ninayoitia wageni thelathini: "Leo hakuna atakayefunga chini. Matawi nagawa sasa hivi, yakiwa bado juu."

Wakaguna. Yule wa mzaha wa kumkimbia mume akasema lini kuni ziligawiwa hewani. Nikamwambia lini ulimwona mpishi wa wali anakata mti? Nikaanza. Nikanyoosha mkono: lile tawi la kushoto lenye kiota, la Mama Kulwa. Wakaguna tena. Nikasema ana watoto watatu wa kupikia na mmoja wao nusura tumzike leo, mwenye neno aseme. Lile lililopinda kama kiwiko, la Bibi wa nyumba ya kona. Hayo mawili yaliyoshikana, ya mtu na wifi yake, maana na wao wameshikana. Wakaanza kucheka. Halafu wakaanza kunisaidia wenyewe, wakielekezana kwa vidole, lile lako, hili langu, wanabishana kidogo wanakubaliana. Kila aliyepata tawi nilimwambia afunge kipande chake kwenye ua wa miti ulio nyuma ya mstari, na atakayeondoka pale kabla sijanyoosha mkono, tawi lake linakuwa la Mama Kulwa. Mara moja wote wakawa walinzi wa wote. Hata aliyetaka kukohoa aliulizwa anakwenda wapi.

Haikuchukua muda wa kupika ugali. Lakini mimi niliona jani la kwanza likitikisika juu, na Chande aliliona pia, akawa ameishika kamba anajipangusa jasho kwa bega.

Nikarudi. Nikauzunguka mti kwanza, nikatazama mdomo, nikatazama kabari, nikatazama njia yangu. Chande akachomeka plagi akaenda kwenye kamba na wanaume watatu. Editha, Joni. Nikakata. Nilihesabu tano nikanyanyua macho, uwanja mtupu. Tano tena, uwanja mtupu, na vipande vyote viko kwenye ua vinapepea. Ufa ukafumbuka mbele ya macho yangu, ukapata upana wa kidole, ukapata viwili. Nikaachia, nikaitoa chenso, nikapaza sauti: "Vuteni." Nikaiweka chini, sikuibeba, nikarudi nyuma kwa njia yangu bila kuupa mti kisogo.

Ulikwenda taratibu sana, Baba Editha, kama mzee anayejilaza. Halafu ukaenda kwa haraka. Ardhi iliruka. Vifuniko vya sufuria vililia jikoni vyote kwa pamoja. Vumbi lilipotulia, mkenge ulikuwa umelala katikati ya uwanja, ncha yake inatazama mwarobaini kama tulivyopanga, na jiko langu limesimama na bati lake, halikudondokewa hata na kijiti.

Hakuna mwanamke aliyesogea. Zaidi ya ishirini, wamesimama nyuma ya ua wananitazama mkono. Chande alikwenda kuchomoa plagi. Nilitazama juu kama kuna tawi lililoning'inia popote, hakuna. Ndipo nikanyoosha mkono, na vigelegele vya siku ile havikuwa vya mzaha. Mama Kulwa alilifikia tawi lake akitembea.

Mimi nilikwenda jikoni nikajifungia, nikatetemeka vizuri mpaka nikamaliza. Halafu nikapika. Wageni walichelewa kula saa moja, Mama Zuhura akawaambia wangoje, mpishi alikuwa anaangusha mti. Jioni alikuja akakaa kwenye kigoda changu, akatazama mwanga unaoingia dirishani ambao haukuwepo. Akasema masika ije tu sasa, na akaniambia ufunguo wa stoo ya chenso ukae kwangu, mtu asiishike pasipo mimi. Kazi ipo, mume wangu. Mwambie Editha afungue daftari zake asome.

Na jana amekuja mwalimu mmoja na baiskeli kutoka shule ya huku pembeni. Kuna mkaratusi umeinamia madarasa yao, na kamati imesikia Mikumi kuna fundi wa chenso. Alinipita mlangoni akamwendea Chande aliyekuwa anakunywa chai, akampa mkono, akamwita fundi. Chande hakuacha kikombe chake. Alinionyesha kwa kidevu.

"Fundi ndiye huyo. Mimi wa kamba."

Mwalimu aligeuka akanitazama, na mimi nina mwiko mkononi. Basi mimi ndiye nikauliza. Nikamwuliza kama shuleni kuna umeme, kama waya wowote unapita karibu na huo mti, na watoto saa ya mapumziko wanacheza upande gani. Mwalimu akatoa kalamu akaanza kuandika ninayoyasema.

Mpe mama yako shikamoo yangu kwa magoti mawili, na umwambie kwa upole habari ya suruali, kidogokidogo. Nisalimie kaka yako mkubwa, fundi cherehani, na mkewe aliyenitunzia kuku. Salamu kwa wifi yangu wa Mamboya, akija sokoni, mwambie dawa ya kifua aliyonipa ilinifaa. Editha na Joni wabusu kila mmoja kivyake, usiwaunganishe.

Wako, nimekunja barua hii kwa vidole kumi kamili,

Mama Editha